Kuku wa Damari

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihangaike. Nakupa kwa ufupi.

Mimi ni Mama Belinda wa Mwankoko, hapa Singida. Nina stashahada ya mifugo na duka la dawa za mifugo. Mume wangu Fredrick anachimba visima huko Kintinku na nyumbani kwake anakuja kama mgeni. Naishi na mama yake, Bibi Magdalena, na binti yangu Belinda, ambaye yupo darasa la sita.

Mwaka jana ustawi wa jamii waliniletea Damari, ambaye sasa ana miaka minane, nimlee malezi ya kambo. Mama yake alishafariki. Baba yake alifukiwa na kifusi machimboni Sekenke. Baba yake mkubwa alimchukua, akawa anampiga mpaka majirani wakaita polisi. Kabla ya kufika kwangu alipitishwa nyumba mbili. Ya kwanza walimrudisha kwa sababu anakojoa kitandani. Ya pili walimrudisha kwa sababu anaficha chakula. Walimrudisha kama mtu anavyorudisha redio isiyoshika stesheni.

Wiki jana niliishia pale mwanamume nisiyemjua aliposimama uani kwangu, kofia mkononi, viatu vimepigwa rangi mpaka vinang'aa.

"Naitwa Naftali," alisema. "Natoka Sekenke. Nimekuja kumwona mwanangu."

Nilikuwa nimebeba beseni la nguo. Sikulitua.

"Mwanao yupi?"

"Damari. Mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu."

"Huyo uliyekuwa unampiga na mpini wa sururu?"

Nilitaka ashtuke. Hakushtuka. Aliinamisha kichwa kama mtu anayeombewa.

"Ndiye huyo, mama. Sikatai. Ulikuwa ulevi. Sasa nimeokoka."

Niliwahi kuuziwa ng'ombe mgonjwa na mtu mwenye sauti kama ile. Laini, haina haraka, inakupa muda wa kujiona wewe ndiye mwenye roho mbaya.

"Utaratibu upo ofisi ya ustawi," nikamwambia. "Hapa kwangu hakuna dirisha la kutolea watoto."

"Nimeshapita huko, mama. Afisa Janeth anajua nimekuja."

Akavaa kofia, akaaga vizuri, akaondoka. Bibi Magdalena, aliyekuwa barazani muda wote, alimsindikiza mpaka kwenye uzio. Mgeni wangu mimi, hata mmoja, hajawahi kusindikizwa na bibi.

Niliingia jikoni. Damari alikuwa nyuma ya mlango, mkono juu ya kichwa, kiwiko mbele. Hivyo ndivyo alivyokuja kwangu siku ya kwanza. Ukinyanyua mkono kufunua sufuria, yeye anafunika kichwa. Ilichukua miezi kumtoa hapo. Sauti ya mtu mmoja uani ilimrudisha pale pale.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Atarudi?"

Sina kawaida ya kudanganya watoto. Nikachukua simu, nikampigia Janeth mbele yake.

"Ni kweli," Janeth alisema. "Kafuata taratibu zote. Mchungaji kamsemea, mwenyekiti wa kijiji kamsemea. Jumamosi nitakuja hapo kwako, tukae wote, mtoto aseme mwenyewe anataka kukaa wapi."

"Mtoto wa miaka minane?"

"Lazima asikilizwe. Na ndugu wa damu wanatangulia, Mama Belinda. Wewe ni kambo. Nilikwambia siku ya kwanza kambo ni ya muda."

Kweli aliniambia. Na siku hiyo hiyo aliniambia jambo la pili, akiwa amenikazia macho kwa sababu alishaona mimi si mtu wa kubembeleza. Alisema: "Mtoto huyu hapigwi. Hata kofi. Na asione mtu akipigwa. Nikisikia, namwondoa."

Damari sijawahi kumgusa. Hilo naweza kuapa popote.

Belinda ni habari nyingine. Belinda nimemzaa. Wiki hiyo hiyo aliyokuja Naftali alitoa chanjo za kuku kwenye friji apate nafasi ya kugandishia barafu za ubuyu. Chanjo ya mdondo ikishapata joto ni maji matupu, unawachanja kuku wa watu na wanakufa vilevile. Nilimzaba kofi. Moja. Damari alikuwa amesimama pale na kikombe cha uji. Alikiweka mezani taratibu, akatoka nje.

Nalitaja hili sasa ili mbele msije mkasema niliwaficha.

"Atarudi Jumamosi," nilimwambia Damari nilipokata simu. "Atakuja na afisa. Watakuuliza unataka kukaa wapi. Utasema unachotaka wewe. Mimi sikufundishi."

"Nikisema hapa?"

"Utakaa hapa."

Akashusha mkono kichwani.

"Basi naenda kumpa Mwalimu maji," akasema.

Mwalimu alikuwa kuku. Na hapa lazima nisimame niwaeleze habari za kuku huyo, la sivyo hamtaelewa kilichonipata.

Kwenye ukoo wa mume wangu, mtoto akianza shule bibi mzaa baba humpa tetea. Bibi huchana kipande cha kanga yake mwenyewe, anamfunga kuku mguu mmoja, yamekwisha. Kuku yule ni wa mtoto, yeye na vifaranga vyake. Aje mgeni wa namna gani, kuku mwenye kitambaa haguswi. Mtoto mwenye kuku ni mtoto wa nyumba, na hakuna mtu kwenye ukoo ule atakayemuuliza tena ametoka wapi. Belinda alipewa wake, mwekundu, mpaka leo anataga.

Damari alipoanza shule ya hapa nilimwendea mama mkwe. Alikuwa anapepeta uwele.

"Mama, na Damari naye kaanza shule."

"Nimeona."

"Sasa kuku wake?"

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Mtoto wa watu huyo. Kesho watamchukua. Kuku wangu amfuate Sekenke?"

"Ni kuku tu, mama."

"Kama ni kuku tu, mpe wewe. Si unao wengi?"

Nikampa mimi. Nilichagua tetea wa madoadoa, nikachana kitenge changu, nikamfunga mguuni kwa mkono wangu. Damari alimkumbatia kuku mpaka nikaona atamvunja mbavu.

"Wangu?"

"Wako."

"Hata akija mgeni?"

"Hata akija mkuu wa mkoa."

Akamwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa anatembea kifua mbele, anasimama, anageuza shingo, kama anayekagua madaftari. Belinda alicheka mpaka akakaa chini.

Ule ugali mkavu niliokuwa naukuta chini ya godoro ukaanza kuishia kwa Mwalimu. Kitanda kikaanza kuamka kikavu. Halafu siku moja Damari alikuja dukani mbio, akapenya katikati ya wateja.

"Mama, amekaa juu ya mayai."

Mama. Siku zote aliniita Mama Belinda, kama wateja wanavyoniita. Nilikuwa napima dawa ya kupe, ikabidi nianze kupima upya.

Sasa tuje kwenye Jumamosi yenyewe.

Asubuhi mfugaji mmoja wa ng'ambo ya ziwa alipiga simu. Ng'ombe wake anazaa, ndama amekwama. Huwezi kumwambia mtu asubiri, ng'ombe hasubiri. Nilikuwa mlangoni navaa gambuti, simu nimeibana kwa bega, bibi akaniuliza:

"Na hao wageni wa saa sita, tuwachinjie yupi?"

"Mchinjeni yeyote, mama. Nisije nikakuta mnabishana."

Damari alikuwa anafagia uwanja. Alisimamisha ufagio.

Mimi niliposema yeyote, nilimaanisha yeyote kati ya kuku wa nyumba. Kila mtu kwetu anajua wenye vitambaa hawahesabiwi. Hukuti mtu anasema chinja yeyote isipokuwa wa watoto, kama usivyosema funga mlango isipokuwa dirisha. Niliona ufagio umesimama na sikuelewa. Nikapanda pikipiki nikaenda.

Ndama alitoka mzima. Nilirudi nanuka damu na nina furaha, nikijiambia siku imeanza vizuri.

Uani palinukia supu. Naftali alikuwa amekaa kwenye kiti cha Fredrick, chini ya kivuli cha paa. Pembeni yake Janeth na faili lake. Bibi Magdalena alikuwa anapakua, amevaa kanga yake nzuri. Damari alikuwa ameshika jagi la kunawisha wageni. Hakunitazama.

Belinda alikuwa amejikunyata nyuma ya nyumba, macho yamevimba.

"Wewe umelia nini?"

"Nenda bandani."

Nilikwenda. Kwenye kiota cha Mwalimu mayai yalikuwa yamelala peke yake. Niliyagusa. Yameshapoa. Hatua chache kutoka pale, kwenye mchanga, palikuwa na manyoya ya madoadoa na kile kitenge changu, bado kina fundo.

Belinda alikuwa amenifuata.

"Nani kafanya hivi?"

"Bibi kasema achinjwe huyu. Baba mkubwa wake Damari ndiye kachinja. Damari alishika miguu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilimwambia bibi huyo ni wa Damari. Bibi kasema mama yenu kasema yeyote. Nikamwambia Damari akatae. Akasema ni kweli, amesema, nimemsikia. Akaenda mwenyewe kumtoa kwenye mayai."

Nilimvuta mama mkwe jikoni. Sikupaza sauti kwa sababu Janeth alikuwa pale nje.

"Mama, kuku aliyeatamia. Kuku aliyekonda, hana hata nyama. Kwa nini yeye?"

"Wengine wametawanyika kwenye alizeti ya jirani. Nani awakimbize? Huyo alikuwa amekaa."

"Alikuwa na kitambaa."

"Kitambaa cha nani?" Alinitazama bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto. "Changu nakijua. Wa Belinda yupo pale, sijamgusa unyoya. Kuku wa mtoto anatolewa na bibi, Mama Belinda. Wewe ulimfunga kuku kitenge. Hata mbuzi anafungwa kamba."

Ningemkamata na uongo ningepambana naye. Hakuwa na uongo. Mimi ndiye niliyedhani naweza kutoa kitu ambacho hakikuwa mkononi mwangu kutolewa, kisha nikamwambia mtoto ni chake.

Tukaketi kula.

Firigisi kwetu ni ya baba mwenye nyumba, na kama hayupo ni ya mgeni mkubwa. Bibi alimwekea Naftali. Naftali akaichukua kwa vidole, akaiinua ionekane.

"Njoo hapa, mwanangu. Leo mgeni mkubwa ni wewe. Fungua kinywa."

Damari alifungua. Akatafuna. Alitafuna muda mrefu kama anayetafuna kiatu, akameza.

"Unaona," Naftali alimwambia Janeth. "Damu ni damu."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa natazama koo la mtoto.

Janeth alisukuma sahani pembeni. Ni binti mdogo, ana haraka, wilaya nzima inamsubiri. Lakini si mtu mbaya. Alimwita Damari asimame mbele yake.

"Damari, mimi unanijua. Hapa hakuna atakayekugombeza. Nataka uniambie ukweli. Unataka kukaa wapi?"

"Kwa baba mkubwa."

Alijibu haraka, kama anayejibu jedwali la kuzidisha.

"Damari," nikasema, "umeelewa ulichoulizwa?"

"Mama Belinda, mwache," Janeth alisema. "Kwa nini kwa baba mkubwa, mwanangu?"

"Kule sina kitu."

Wakatazamana.

"Huna kitu kivipi?"

"Kule sina kuku."

Naftali alicheka cheko la mtu mwenye moyo mzuri.

"Ah, hilo tu? Utapata kuku, mwanangu. Nitakupa wengi."

"Sitaki," Damari alisema.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi na Belinda. Nilimweleza Janeth habari ya Mwalimu, haraka haraka, kitambaa, mayai, yeyote. Nilipokuwa naeleza niliisikia sauti yangu mwenyewe. Mtu mzima, mke wa mtu, ananyang'anywa mtoto, anazungumza habari ya kuku.

Janeth alinisikiliza mpaka mwisho. Akashusha pumzi.

"Mama Belinda, kuku atanunuliwa mwingine. Mtoto kasema mbele yetu sote, wewe mwenyewe ukiwepo. Mimi nikaandike nini?"

Hapo Belinda akatoka nyuma ya nyumba.

"Andika kwamba anampeleka akalee mapacha," akasema.

"Belinda, adabu," bibi akamkemea.

"Nimemsikia, bibi. Alikuwa nyuma ya choo anaongea na simu. Kasema usihangaike tena kutafuta msichana wa kazi, nimempata, na huyu halipwi."

Nikamgeukia Naftali. Nilidhani nimempata. Nilidhani kofia itamdondoka.

Akafuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Mke wangu amejifungua mapacha, afisa. Nilikueleza ofisini. Siri iko wapi? Hayo ya msichana wa kazi ni mzaha wa mtu na mkewe. Mtoto kumsaidia mama yake mkubwa kubembeleza wadogo zake ni kosa?" Akanigeukia. "Hapa kwako haoshi vyombo, mama? Nimefika nimemkuta na ufagio. Hata jagi la kuninawisha alishika yeye."

Kwangu watoto wote wanafanya kazi. Ni nyumba, si hoteli.

"Damari," Janeth aliuliza, "habari ya mapacha unaijua?"

"Najua. Kaniambia wakati tunanyonyoa."

"Na unataka kwenda kulea watoto?"

"Kule najua kazi yangu," Damari alisema.

Halafu, kwa sauti ndogo, akaongeza, "Kule hawaniambii kitu ni changu, Mama Belinda."

Mama Belinda. Kama mteja wa dawa ya kupe.

Janeth alifunga faili. Akalishika kwa mikono miwili. Nilimwona hataki kuinuka. Mwishowe alimgeukia mama mkwe wangu.

"Bibi. Wewe ndiye mkubwa wa hapa. Nikuulize, na nitalichukua neno lako. Kama ukoo wenu umempokea huyu mtoto, mimi nina la kusema huko ofisini, naweza kusema tusubiri. Kama hamjampokea, huyu baba ni ndugu yake na mtoto kamchagua. Huyu mtoto kwenu ni nani?"

Bibi Magdalena aliweka mikono magotini, akajiinua taratibu, akasema neno kwa Kinyaturu ambalo sikulisikia vizuri, akaelekea kwenye banda la kuku.

Tukamsubiri. Naftali aligeuza kofia mkononi. Kuku waliokwisha kurudi kutoka kwenye alizeti walipiga kelele bandani, mmoja akalia kwa kukamatwa.

Kisha tukasikia kitambaa kinachanika.

Kila mtu wa ukoo ule anaijua sauti hiyo. Belinda alinishika mkono akaukaza.

"Mama. Anachana kanga."

"Kaa kimya."

"Anachana kanga yake nzuri, mama."

Mimi si mtu wa kulia. Nimeingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani nikiwa na mimba ya miezi minane na sikulia. Lakini pale niliishika nguzo ya baraza. Na Damari, tangu nifike, kwa mara ya kwanza aliinua uso.

Bibi akatokea. Ncha ya kanga imechanika, nyuzi zinaning'inia. Kwapani tetea mweupe, mzuri kuliko wote bandani, yule niliyekuwa namtunza awe wa mbegu. Alimpita Naftali. Alimpita Janeth. Akasimama mbele ya Damari.

"Shika."

Damari alimpokea kwa mikono miwili.

"Mpelekee mama yako mkubwa," bibi akasema. "Mzazi anahitaji supu. Mwambie ametoka kwa Magdalena wa Mwankoko, asiseme hatujui kuaga wageni."

Ndipo nikaiona miguu.

Kuku wa mtoto hufungwa kitambaa mguu mmoja, atembee nacho. Huyu alikuwa amefungwa yote miwili pamoja, imekazwa, kama afungwavyo kuku wa safari. Bibi hakupata kamba, akachana kanga.

"Basi jibu tumelipata," Naftali alisema, akainuka. "Tunashukuru sana, mama. Mungu awabariki."

Damari hakulia. Alikaa chini kwenye mchanga pale pale, kuku mapajani, akaanza kulifungua lile fundo. Kwanza kwa kucha. Lilipokataa, akaliinamia kwa meno.

"Mwanangu, acha. Atakimbia huyo," Naftali alisema.

Aliendelea kuuma.

"Damari. Gari linatusubiri."

Aliendelea. Nilisikia meno yake yanagongana kwenye kitambaa. Kuku alikuwa anapiga mabawa usoni kwake na yeye hata hakufumba macho. Sijui alitaka kumfungua aende zake au alitaka kufunga mguu mmoja. Sikumuuliza. Nilijua tu kwamba kama kuna mtu anapaswa kuwa chini pale anamsaidia mtoto yule, ni mimi.

Mkasi wangu wa kazi huwa uko mfukoni. Niliuchomoa, nikamfuata, nikainama, nikanyoosha mkono juu yake.

"Ngoja nikusaidie."

Damari alimwachia kuku. Akafunika kichwa.

Mkono juu, kiwiko mbele, mgongo umekunjwa, macho yamefumbwa yanasubiri. Vilevile kama siku ya kwanza. Isipokuwa safari hii Naftali alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi, na aliyekuwa amenyanyua mkono ni mimi.

Kuku alijirusha mchangani, miguu imefungwa, akabaki anapiga duara. Hakuna aliyemkamata.

Naftali alivaa kofia yake taratibu.

"Umejionea, afisa," akasema. "Mimi sijasema neno."

Janeth alilifungua tena lile faili. Alitoa kalamu. Hakunitazama mimi wala Damari, alimtazama binti yangu, na sauti yake sasa ilikuwa ya ofisini.

"Belinda, njoo hapa. Humu ndani mama anapiga?"

Belinda alinigeukia. Kwenye nyumba yangu kuna sheria nyingi ndogo na moja kubwa, na hiyo kubwa nimempa tangu hajaanza kutembea vizuri: mtu mzima akikuuliza, sema kweli, hata kama itamuumiza mama yako.

Akamtazama Damari aliyejikunja mchangani. Akapitisha mkono shavuni kwake, pale nilipomzaba.

Akafungua kinywa.